Sokwe wa Lindi na Matone ya Ruzizi

Mto Kongo unapofika Kisangani unaacha kuporomoka. Juu ya mji yapo maporomoko ya Boyoma, saba kwa hesabu, na kwenye la mwisho wavuvi wa Kigenya wamefunga magogo juu ya maji yanayochemka, wananing'iniza madema yao kama walivyofanya babu zao. Baada ya hapo maji yanatulia, na meli inaweza kuteremka mpaka Kinshasa. Kwa binadamu mto huu ni barabara. Kwa wanyama wa msituni ni ukuta. Ng'ambo ya kulia wanaishi sokwe. Ng'ambo ya kushoto wanaishi bonobo, ndugu zao wenye umbo jembamba, ambao hawapatikani popote pengine duniani. Hawa na wale hawajui kuogelea, na wataalamu wanaona kwamba mto ndio uliowatenga hata wakawa wanyama wa aina mbili.

Juni 1956 binadamu waliwavusha. Mji ulikuwa ukiitwa Stanleyville, na serikali ilikuwa ya Wabelgiji. Kando ya mto Lindi, nje kidogo ya mji, ilifunguliwa kambi yenye vizimba vingi, na ndani yake wakaanza kuletwa sokwe waliokamatwa msituni. Bonobo walitolewa upande wao wa mto wakawekwa pamoja na sokwe wa upande wa pili. Mpaka kufikia mwaka 1958 wanyama zaidi ya 400 walikuwa wamepitia kambi ile. Wengi wao hawakutoka hai.

Aliyeisimamia alikuwa Dakta Ghislain Courtois, mkuu wa maabara ya tiba ya Stanleyville. Aliyeitaka alikuwa mtu wa mbali zaidi: Hilary Koprowski, mzaliwa wa Warsaw, daktari na mpiga piano hodari, aliyeikimbia Poland vita vilipoanza mwaka 1939 akapitia Italia na Brazili kabla ya kufika Marekani. Alikuwa akitafuta chanjo ya polio, na alihitaji mnyama ambaye Marekani isingempa kwa idadi aliyoitaka. Msitu wa Kongo ulikuwa nao tele.

Kwa nini sokwe? Jibu linaanzia tumboni. Watu wengi tukisikia polio tunaona mguu uliokonda, fimbo, kijana anayetambaa sokoni. Tunaifikiria kuwa ugonjwa wa mishipa na misuli. Lakini virusi vya polio ni virusi vya utumbo. Mtoto anavimeza kwa maji, kwa chakula, kwa kidole kilichoshika uchafu. Vinazaliana kooni na matumboni mwake, kisha vinatoka na kinyesi kwa wiki kadhaa, tayari kumezwa na mtoto mwingine. Watoto walio wengi hawaugui kabisa, au wanapata homa ya siku mbili tatu na kupona. Ni kama mmoja kati ya 200 ambaye virusi vinavuka kutoka damuni hadi kwenye uti wa mgongo na kumpooza. Kwa kila mguu mmoja uliokonda, kwa hiyo, kuna matumbo karibu 200 yaliyobeba virusi bila mama yeyote kushtuka.

Sayansi ilichelewa kulitambua hilo. Kwa miongo kadhaa mwanzoni mwa karne ya 20 maabara kubwa za Marekani zilitumia kima wa Kihindi, ambao wakinyweshwa virusi hawaugui kwa urahisi. Ilibidi wapuliziwe puani au kuchomwa ubongoni. Watafiti wakahitimisha kwamba polio huingia kwa pua na kukimbilia kwenye ubongo moja kwa moja. Mnyama waliyemchagua ndiye aliyewapoteza njia. Sokwe alikuwa tofauti. Ukimpa virusi kwa mdomo anaambukizwa tumboni kama mtoto wa binadamu, navyo vinatoka kwenye kinyesi chake kama kwa mtoto. Anayetaka kujua kama chanjo ya kunywa inaziba njia ya utumbo hana mnyama mwingine wa kumfaa kuliko yeye. Basi ufanano huo na sisi ndio uliomponza.

Njia hii ya kutoka kinyesini kwenda mdomoni wafugaji wa kuku na bata mzinga wanaijua vizuri, hata kama hawaiiti kwa jina la kitaalamu. Vifaranga vya bata mzinga katika wiki zao za mwanzo hushambuliwa na kundi zima la virusi vya matumbo: rota, astro, adeno, korona. Kifaranga kilichochangamka asubuhi, jioni kinajikunyata chini ya taa, kinyesi majimaji, manyoya ya nyuma yamelowa, vinavyopona vinadumaa. Katika jimbo la Minnesota, Marekani, ugonjwa wa namna hiyo uliwatesa wafugaji tangu miaka ya 1950, na miaka ishirini ilipita kabla ya kuthibitishwa kwamba chanzo ni virusi vya korona. Dawa haikuwapo, chanjo haikuwapo. Mwanzoni mwa miaka ya 1970 wakaamua kuua kila kundi lililoambukizwa, kusafisha mabanda kwa dawa, na kuyaacha matupu hadi virusi vife vyenyewe. Kufikia 1976 jimbo lilikuwa limeushinda ugonjwa huo.

Binadamu hana banda la kuachwa tupu. Kwa mtoto wa mtu njia iliyobaki ni kulifundisha tumbo lenyewe lijilinde, na hapo ndipo wanasayansi wa miaka ya 1950 walipogawanyika. Jonas Salk aliviua virusi kwa formalini akavitoa kwa sindano. Chanjo yake ilitangazwa kuwa salama tarehe 12 Aprili 1955, na kengele za makanisa ya Marekani zikapigwa. Sindano ile ililinda uti wa mgongo, lakini kinga iliyoacha matumboni ilikuwa dhaifu. Mtoto aliyechanjwa aliweza bado kubeba virusi na kuvitoa. Koprowski, na mpinzani wake Albert Sabin, walishikilia njia nyingine: virusi hai vilivyodhoofishwa, vinavyonywewa, vikakaa tumboni kama vile halisi na kuacha kinga palepale mlangoni.

Koprowski alitangulia wote. Mwaka 1948 alikunywa mwenyewe mchanganyiko wake. Tarehe 27 Februari 1950 akampa mtoto mmoja katika Letchworth Village, makao ya watoto wenye ulemavu wa akili katika jimbo la New York, kisha akawapa wengine 19. Alipochapisha matokeo aliwaita watoto hao watu waliojitolea. Baadaye vipimo vikaendelea Clinton Farms, gereza la wanawake huko New Jersey, kwa watoto wachanga waliozaliwa na wafungwa. Msomaji ataona mstari unavyonyooka: kwanza watoto wasioweza kusema, kisha watoto wa wafungwa, kisha Waafrika chini ya ukoloni. Simsingizii Koprowski ubaya wa moyo. Polio ilikuwa ikipooza maelfu kila kiangazi, na wenzake wengi wa wakati ule walifanya kama yeye. Lakini kila alipohitaji mwili wa kujaribia, mwili uliopatikana ulikuwa wa asiyeweza kukataa, na jambo hilo halikutokea kwa bahati.

Turudi Lindi. Mwindaji Gilbert Rollais na watu wake waliingia msituni kukamata sokwe, na vijiji vikahimizwa kusaidia. Atakayesoma masimulizi ya kazi ile akumbuke kwamba sokwe mdogo hamwachi mama yake kwa hiari, wala mama hamwachi mtoto. Kambini walinyweshwa chanjo, kisha baadhi yao wakapewa virusi vikali ili ionekane kama wamekingwa. Wengine walidungwa virusi vya chanjo kwenye uti wa mgongo ili ijulikane kama vimepungua ukali kweli. Halafu yakaja magonjwa ya kizimbani: nimonia ya bakteria aina ya klebsiela iliwapitia, ikawaua wengi. Na baadhi ya figo zao zilikatwakatwa, zikawekwa kwenye chupa na kupelekwa kwa ndege Philadelphia, ambako watafiti wa hospitali ya watoto walikuwa wakichunguza homa ya ini. Figo hizo tutakutana nazo tena.

Watunzaji wa sokwe, Wakongo waliosafisha vizimba na kulisha wanyama, walikuwa miongoni mwa watu wa kwanza nchini kupewa chanjo ya Koprowski. Sababu iliyotolewa ilikuwa usalama wao, kwa kuwa sokwe waliotiwa virusi vikali walikuwa wakivitoa kinyesini. Baada yao zamu ikawa ya watoto wa shule. Mwaka 1957, huko Aketi, mji wa reli na bandari ya mto kaskazini-magharibi mwa Stanleyville, wanafunzi wapatao 2,000 walipewa chanjo aina ya CHAT, yenye kukinga polio ya aina ya kwanza. Septemba mwaka uleule jengo jipya la maabara ya Stanleyville likazinduliwa kwa mkutano wa wanasayansi kuhusu magonjwa ya virusi ya Afrika ya Kati. Mji ule wa pembeni mwa msitu ulikuwa sasa kwenye ramani ya virolojia ya dunia.

Mwaka 1958 mambo yakaenda kasi. Polio ilipozuka Banalia, kwenye mto Aruwimi si mbali na Stanleyville, na kule Bambesa, Gombari na Watsa, watu walichanjwa ili kuuzima mlipuko. Lakini kazi kubwa ilifanyika mbali zaidi mashariki, katika bonde la mto Ruzizi, kati ya ziwa Kivu na ziwa Tanganyika, ambako leo wanakutana watu wa Kongo, Burundi na Rwanda. Kuanzia mwishoni mwa Februari hadi Aprili 1958, chini ya usimamizi wa Agnes Flack, daktari wa lile gereza la Clinton Farms, na mwenzake George Jervis, walichanjwa watu 215,504. Wiki sita hivi. Waliitwa kwa ngoma, wakapanga mstari, watoto kwa wazee, kila mmoja akafungua kinywa na kupuliziwa kiasi cha mililita moja. Duniani kote hapakuwa na umati uliowahi kupewa chanjo hai ya polio kwa ukubwa ule. Ripoti yake, iliyosainiwa na Courtois, Flack, Jervis, Koprowski na Ninane, ilitoka katika jarida la madaktari wa Uingereza tarehe 26 Julai 1958, ikitaja jumla ya watu 244,596.

Nimeisoma idadi hiyo mara nyingi na kila mara inanisimamisha. Watu 215,504 wana majina. Katika Kongo ya Kibelgiji wito wa serikali haukuwa mwaliko. Mwenyeji aliyeitwa na ngoma ya chifu alikuja. Walichokunywa huenda kiliwasaidia wengi wao, na sina sababu ya kudhani kiliwadhuru. Walichonyimwa ni kuambiwa kwamba wao ndio wa kwanza, kwamba hakuna aliyekwisha kujua kwa hakika dawa hii inafanyaje ikiwa ndani ya watu laki mbili kwa mpigo. Baada ya miaka 40 pengo hilo la maelezo lilijazwa na hadithi nyingine.

Machi 1959 Sabin alichapisha matokeo ya kupima chanjo iliyotumika Kongo, akasema amekuta ndani yake virusi visivyojulikana vinavyoua seli. Koprowski alikanusha. Wawili hao walikuwa wakigombea taji moja, na maneno yao yanapaswa kusomwa kwa tahadhari hiyo. Sabin alishinda. Chanjo yake ilijaribiwa kwa mamilioni ya watu katika Umoja wa Kisovieti akishirikiana na Mikhail Chumakov, na ndiyo iliyopata kibali Marekani. Ndiyo pia matone ambayo sisi wote wa Afrika Mashariki tuliozaliwa baadaye tuliyadondoshewa mdomoni kliniki. Ya Koprowski iliendelea kwa muda, ikiwemo kampeni ya watoto wa Léopoldville iliyofuatiliwa kwa karibu na mwenzake, Stanley Plotkin, kisha ikawekwa kando.

Tarehe 30 Juni 1960 Kongo ikawa huru, na waziri mkuu wake wa kwanza, Patrice Lumumba, alikuwa mtu aliyekulia kisiasa Stanleyville, karani wa posta wa mji uleule. Wabelgiji wa maabara wakaondoka. Kambi ilikwisha kufungwa. Mwaka 1964 mji ukashikwa na waasi walioitwa Simba, ukarudishwa na askari wa miavuli wa Kibelgiji mwezi Novemba, watu wakafa kwa mamia na maelfu. Baadaye jina likabadilika likawa Kisangani. Vizimba vya Lindi vikamezwa na majani.

Kumbukumbu ingelala hapo, isingekuwa Ukimwi. Miaka ya 1980 ugonjwa mpya ulipojulikana, na ilipodhihirika kwamba virusi vyake vinafanana na vya sokwe, na kwamba Afrika ya Kati ndiko vilikoanzia, baadhi ya watu wakaanza kuhesabu vidole: sokwe, Kongo, chanjo ya kunywa, miaka ya 1950. Machi 1992 Tom Curtis aliiandika dhana hiyo katika jarida la Rolling Stone. Koprowski alishtaki, na jarida likachapisha maelezo ya kujisahihisha mwaka uliofuata. Mwandishi Mwingereza Edward Hooper akaichukua akaifanyia kazi kwa miaka, akizunguka Kongo, Ubelgiji na Marekani kuwahoji wazee waliofanya kazi Lindi na maabarani. Mwaka 1999 akatoa kitabu kikubwa, The River. Hoja yake kwa ufupi: chanjo ya polio huoteshwa kwenye seli za figo, huko Stanleyville zilikuwepo figo za sokwe, kama baadhi ya chanjo ilioteshwa kwenye figo hizo, virusi vya sokwe vingeweza kuingia kwenye vinywa vya watu wa Ruzizi na Léopoldville. Koprowski na Plotkin walijibu kwamba walitumia figo za kima wa Asia, na si za sokwe kamwe.

Hoja hiyo isichekwe. Aliyeiandika alifanya kitu ambacho wanasayansi wa miaka ya 1950 hawakukifanya: aliwauliza Wakongo waliokuwepo. Wafanyakazi wa zamani wa kambi walimweleza jinsi sokwe walivyouawa na viungo vyao kutolewa. Na kulikuwa na jambo ambalo mtu wa Kisangani hakuhitaji kitabu kulijua, kwamba kule Lindi kulifanywa mambo na wenyeji hawakuelezwa.

Miongoni mwa walioichukulia dhana hiyo kwa uzito alikuwa William Hamilton wa Oxford, mmoja wa wanabiolojia wakubwa wa karne ya 20, aliyeeleza mwaka 1964 kwa nini mnyama hujitoa mhanga kwa ajili ya jamaa zake. Aliandika dibaji ya kitabu cha Hooper, kisha akaona dibaji haitoshi: dhana hupimwa. Kama virusi vya Ukimwi vilitoka kwa sokwe wa Lindi, basi sokwe wa misitu ya Kisangani wangekuwa bado na virusi vinavyokaribiana na vya binadamu. Njia ya kujua ilikuwa kuokota kinyesi na mkojo wao chini ya viota vyao, bila kumgusa mnyama. Alikwenda mara mbili. Safari ya pili, Januari 2000, aliandamana na vijana wawili, Michael Worobey na Jeffrey Joy, wakati Kisangani ikishikiliwa na majeshi ya Uganda na Rwanda yaliyokwisha kupigana ndani ya mji Agosti 1999, na yaliyokuwa yapigane tena kwa siku sita mwezi Juni 2000, mizinga ikiangukia nyumba za raia. Hamilton alishikwa na malaria. Alirudishwa London akiwa mgonjwa, akalazwa, na tarehe 7 Machi 2000 akafariki. Alikuwa na umri wa miaka 63.

Mwezi Septemba mwaka huohuo jumuiya ya wanasayansi ya Royal Society iliwakutanisha London pande zote mbili. Chupa za zamani za CHAT zilizohifadhiwa zilikuwa zimepelekwa kwenye maabara zilizo huru. Majibu: vinasaba vilivyomo ni vya kima wa Asia, si vya sokwe, hakuna athari ya virusi vya Ukimwi wala vya sokwe. Hooper alisema chupa zile si zile zilizotumika Kongo. Hapo ndipo kinyesi cha Kisangani kilipotoa ushahidi wake. Mwaka 2004, katika jarida la Nature, Worobey na wenzake walieleza kwamba sokwe wa karibu na Kisangani kweli wana virusi vya jamii hiyo, lakini vya tawi jingine, lisiloweza kuwa mzazi wa virusi vya Ukimwi vilivyoenea duniani. Mwaka 2006 wenzao wengine wakavipata vya tawi lenyewe: kwa sokwe wa kusini-mashariki mwa Kameruni, mamia ya kilomita upande wa magharibi.

Ushahidi wa pili ulikuwa wa saa. Virusi hubadilika polepole kwa mwendo unaoweza kukadiriwa. Kwa kulinganisha damu iliyochukuliwa Léopoldville mwaka 1959 na kipande cha tezi cha mwaka 1960, vyote vimehifadhiwa kwa miongo, Worobey alikadiria mwaka 2008 kwamba virusi viliingia kwa binadamu karibu na mwaka 1908. Vilikuwa ndani ya watu miaka kama 50 kabla ya mtu yeyote kufungua kinywa pale Ruzizi. Utafiti wa mwaka 2014 ulifuata njia yake: Kinshasa miaka ya 1920, kisha kwa reli za wakoloni kwenda Mbuji-Mayi na Lubumbashi, na kwa mto kwenda juu. Kisangani, kwa makadirio yao, vilifika karibu na mwaka 1953. Miaka mitatu kabla ya kufunguliwa kwa kambi. Vilikuja na abiria wa meli, wala hakuna aliyeviona.

Hamilton alikufa akitafuta jibu, na jibu likapatikana kwa kazi aliyoianzisha, likiwa kinyume cha alichodhani. Sijui heshima kubwa kuliko hiyo kwa mwanasayansi.

Lakini jibu la maabara halisafiri haraka kama swali. Filamu iliyotolewa mwaka 2003 iliisimulia tena dhana ya Hooper, na sauti za wazee wa Stanleyville ndani yake zilikuwa sauti za kweli zikieleza mambo waliyoyaona kwa macho. Mtu anayesikiliza anaweza kukataa hitimisho na bado akabaki na sokwe waliokatwa figo, watoto wa Aketi waliopangwa mstari, watunzaji waliokunywa kwanza. Hayo yalitokea. Na polio yenyewe ilikuwa bado haijaondoka. Virusi vya mwituni vilionekana kwa mara ya mwisho Kongo mwishoni mwa 2011, na tarehe 25 Agosti 2020 Afrika nzima ilitangazwa kuwa huru navyo. Kikabaki kitu kigumu zaidi kukieleza barazani: virusi vya chanjo yenyewe. Vile vilivyodhoofishwa, vikipita tumbo hadi tumbo katika eneo ambako watoto wengi hawajachanjwa, vinaweza kujirekebisha taratibu mpaka vikarudia ukali. Ni njia ileile ya kinyesi hadi mdomo, ikifanya kazi kinyume na aliyeifungua. Aina ya pili iliondolewa kwenye matone ya kawaida mwaka 2016, na tangu 2017 milipuko ya namna hiyo imerudi mara kwa mara mashariki na kusini mwa Kongo. Wataalamu wakatengeneza chanjo mpya ya aina ya pili, iliyofungwa kwa vinasaba ili isigeuke kirahisi. Ilianza kutumika Machi 2021.

Machi 2023 ikatangazwa kwamba hata hiyo, mara chache sana, inaweza kugeuka. Watoto saba walikuwa wamepooza kwa virusi vilivyotokana nayo, wa kwanza kugunduliwa popote duniani. Sita walikuwa Kongo, katika majimbo ya Tanganyika na Kivu Kusini. Mmoja alikuwa Burundi, katika mkoa wa Bujumbura Vijijini. Kivu Kusini na Bujumbura Vijijini ziko kando kando ya bonde la Ruzizi.

Kazi iliyofuata ilikuwa ileile inayofanyika Kisangani na kwingineko nchini kila kampeni inapoitishwa: wachanjaji wawili wawili, kisanduku cha barafu begani, nyumba kwa nyumba, mtaa kwa mtaa, kwa pikipiki na kwa mtumbwi. Hawapigi ngoma ya chifu. Wanabisha hodi, wanasalimia, wanaeleza, wanasubiri mama ajibu. Akikubali, mtoto anafunguliwa kinywa, yanadondoka matone mawili, kidole chake kidogo kinapakwa wino, na mlangoni inaandikwa alama ya chaki. Akikataa, wanaandika alama nyingine, na kesho yake mtu anarudi kukaa naye chini.